Mwandiko wa Marehemu

Siku ya tano baada ya mazishi, Mkurugenzi wa ukumbi wa maonyesho alipiga hodi akiwa na karatasi mkononi. Nyuma yake alisimama mhadhiri wa chuo kikuu, kakumbatia mkoba. Mjane aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa anafua, na povu lilikuwa limempanda hadi kwenye viwiko. Walipompa pole akajibu, "Tumeshapoa," kama mtu anayejibu salamu ya barabarani, akajifuta mikono kwenye gauni na kuwaonyesha viti.

Majirani walishamsema, tena sana. Mjane gani huyu, macho makavu? Na mume mwenyewe si mume wa hivi hivi. Ni Hakimu! Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Alikuwa ameigiza hakimu jukwaani kwa miaka ishirini na miwili, kisha akamwigiza kwenye filamu, na tangu hapo hata muuza mkaa alimwita Hakimu. Alipofariki, redio zilimlilia siku tatu mfululizo. Mkewe hakulia. Si kwamba hakutaka. Alikaa kitandani akajaribu, akaona hakuna kinachotoka, akainuka akapiga deki nyumba nzima.

"Mama, sitakupotezea muda," Mkurugenzi alianza. "Bodi imekubali. Ukumbi unapewa jina lake. Jumamosi hii mchana, wageni wote wakubwa watakuwepo. Pale mlangoni tunaweka kabati la kioo. Joho tunalo. Viatu tunavyo. Tunachotaka kwako ni madaftari."

"Madaftari gani?"

"Yale ya kazi. Mwenyewe alikuwa akisema kila mara, 'Ngoja nikaangalie kwenye daftari langu nyumbani.' Tunataka mwandiko wake, watu wauone mkono wa marehemu."

Mjane alitazama povu likikauka kwenye vidole vyake.

"Na kusema kweli, Mama, kuna maneno," Mkurugenzi aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Yule mzee aliyekuwa akiigiza karani wake, yule mwenye fimbo, anapita anasema-sema. Eti miaka yote hakuwahi kumwona marehemu kashika karatasi. Eti alikuwa hajui kusoma! Jamani, watu wana wivu hata kwa maiti. Tukiweka daftari kwenye kioo, tumemfunga mdomo. Tusipoweka, ndiyo habari itakayoandikwa Jumatatu."

Haya, tuseme ukweli, maana marehemu hasikii. Yule mzee mwenye fimbo hakuwa na wivu wala nini. Hakimu alikuwa hajui a wala be. Aliyejua hilo duniani alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye huyu aliyekaa hapa mikono imelowa. Siku ya kwanza walipokutana, yeye alikuwa mpiga taipu wa ukumbi, na kijana mmoja mrefu akaingia na karatasi zake, akasema, "Dada, nisaidie kunisomea, nimesahau miwani nyumbani." Kesho yake kasahau tena. Keshokutwa vilevile. Wiki ya tatu mpiga taipu akamwambia, "Kaka, wewe hiyo miwani huna." Kijana alijikalia chini palepale, kati ya makabati, akaficha uso. Kitu pekee alichomwomba siku ile, na alichomwomba tena siku ya harusi yao, ni hiki: watu wasijue. Mtoto wao pia asijue. Mke akitaka kumuua, amuue kwa kitu kingine.

Basi akanunua miwani kweli, ya kioo kitupu, akawa anaivaa kila aendako.

"Na miwani yake pia ingefaa," Mhadhiri alisema, akiiona juu ya redio. Kabla hajazuiwa, aliichukua akaivaa, akageuza shingo huku na huku. "Mbona hii haina nguvu yoyote?"

Mkurugenzi naye akanyoosha mkono aijaribu.

"Macho yake yalikuwa mazima," Mjane alisema. "Aliivaa kwa heshima ya kazi."

"Kwa heshima ya kazi!" Mhadhiri alirudia, akaandika haraka. "Hili lazima liingie kwenye kitabu changu juu yake. Na jambo la mwisho, Mama, halafu tunakuacha ufue. Kile kimya."

Kimya chenyewe hakuna asiyekijua. Hakimu anatakiwa amhukumu mwanawe wa kumzaa. Anasema, "Mwanangu, simama." Halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka watu wanaanza kujikunja kwenye viti. Ndipo anasema, "Nimekuhukumu."

"Nimekipima kwenye filamu," Mhadhiri alisema. "Sekunde kumi na moja. Tunakifundisha mwaka wa pili, muhula mzima. Kwenye maandishi ya mchezo hakimo kabisa. Aliwahi kukwambia pale alikuwa anafanya nini?"

Mjane aliyajua yale maandishi. Aliyapiga taipu kwa vidole vyake. Na siku kile kimya kilipozaliwa alikuwa anamsomea mumewe jikoni, kama kawaida yao: yeye anapika huku anasoma sentensi, Hakimu anaosha vyombo huku anairudia. Alisoma, "Mwanangu, simama," na maziwa yakapanda. Akatupa karatasi, akashika tambara, akaipua sufuria, akapuliza povu, akafuta jiko, akaokota karatasi, akasoma, "Nimekuhukumu." Hakimu alimeza vyote, maneno na kimya chake. Siku ya mazoezi mwongozaji akamuuliza amekitoa wapi kile kimya, naye akajibu bila wasiwasi, "Kimo humohumo." Aliporudi nyumbani akamgeukia mkewe: "Si ndivyo ulivyonisomea wewe?" Walicheka siku ile hadi wakakaa sakafuni. Tangu hapo kila onyesho, akifika pale, alikuwa akitupa jicho upande wa pazia alikosimama mkewe.

"Alikuwa anasubiri," Mjane alisema.

"Anasubiri nini?"

"Zamu yake."

Mhadhiri aliandika hilo pia. Mkurugenzi akainuka, akaitia miwani mfukoni, akasema kesho saa nne asubuhi atamtuma dereva kuchukua madaftari, na kwamba jambo lenyewe si la kulala.

*

Binti wa Mjane alifika alasiri, akitoka shuleni, mkono wa gauni una vumbi la chaki. Alikuwa anafundisha darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu tangu hajamaliza chuo. Alisimama juu ya stuli akalishusha boksi kutoka juu ya kabati la nguo, akapiga chafya mara mbili, akalifungua kitandani.

"Haya ndiyo madaftari yake?"

"Ndiyo hayo."

Mwalimu alifunua la kwanza, akafunua la pili. Yalikuwa tisa. Kila ukurasa una maneno ya mchezo, na pembeni maelezo: hapa sauti ishuke, hapa asimtazame mwanawe, hapa mkono ubaki mezani kama wa mtu mwingine.

"Mama, huu mwandiko ni wako."

"Alikuwa ananiambia, mimi naandika. Alikuwa hapendi kuandika."

"Hapendi!" Mwalimu alicheka kicheko kisicho na furaha. "Hilo nalijua. Niko bweni miaka sita, namwandikia yeye, unajibu wewe. 'Baba yako anakusalimu sana.' Ripoti zangu alikuwa anaziangalia kama anaangalia ukuta, halafu anakupa wewe. Na ile siku ya zawadi? Nimekuwa wa kwanza, Mama, wa kwanza shule nzima. Mkuu wa shule anamwomba Hakimu mwenyewe asome majina ya washindi. Yeye anashika koo, eti sauti imekauka, anatoka nje! Wenzangu walinicheka mpaka namaliza shule. Baba wa watu wote, isipokuwa mimi."

Mama yake aliinama juu ya boksi. Alikuwa anapanga madaftari kwa ukubwa, na yote yalikuwa sawa. Alijua hapa palikuwa mahali pa kusema neno. Neno lilikuwepo, lakini alikuwa ameapa, na aliyemwapia ameshalala kaburini, sasa amwombe nani ruhusa?

Chini kabisa ya boksi palikuwa na daftari jingine, jembamba, la shule, jalada limelegea. Mwalimu alilifungua akidhani ni lake la utotoni. Ndani yake kulikuwa na sahihi ya Hakimu, ile aliyowapa watu barabarani na kwenye picha, ile yenye mkia mrefu. Ilikuwa imejaa ukurasa mzima, mstari kwa mstari, kisha ukurasa wa pili, na wa tatu, mpaka jalada la nyuma.

"Alikuwa anajifunza kusaini?" alisema, bado na hasira mdomoni. "Majivuno gani haya?"

Halafu akainama karibu zaidi. Alilisogeza daftari dirishani. Akafuata mstari mmoja kwa kidole, polepole, akarudi mwanzo, akafuata wa pili. Mama yake alimwona akibadilika uso, akajua limekwisha.

"Mama, hii herufi kaanzia chini."

Mama yake aliyapanga upya madaftari yaliyokuwa yamekwisha pangwa.

"Na hii hapa kaanzia mkiani, karudi nyuma. Na hii kaiinua kalamu katikati, pasipoinuliwa. Nina watoto arobaini na tano, kila Januari nawaona. Mtu anayejua anachoandika haanzii huku." Aliliweka daftari magotini. "Hii siyo sahihi. Baba alikuwa anachora."

"Mimi sijasema kitu," mama yake alisema.

"Hujasema."

"Sijasema. Ushahidi unao, sijafungua mdomo."

"Baba alikuwa hajui kusoma."

Mama alikaa kitandani, kando ya boksi. Alingoja moyo wake ushtuke, haukushtuka. Aliona tu kwamba mabega yalikuwa yanamuuma, na kwamba pengine yalianza kumuuma siku nyingi.

"Siku ya zawadi," alisema, "alikwenda nyuma ya vyoo vya shule akatapika. Nilimshika kichwa. Koo lilikuwa zima."

Mwalimu aliziba mdomo kwa kiganja chenye chaki.

"Na ripoti zako nilimsomea mimi. Alikuwa anataka mara mbili. Mara ya kwanza anasikia, mara ya pili anaweka. Akishaweka ndiyo hivyo, haitoki." Akaanza kuzisema, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Darasa la nne. Hisabati tisini na moja. Sayansi themanini na nne. Uchoraji hamsini na tano. Mwalimu wa darasa: ana bidii lakini mbishi. Darasa la tano. Hisabati themanini na nane. Mwalimu wa darasa: apunguze maneno. Hapo kwenye 'apunguze maneno' alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa anazisema bafuni, zote, hadi kidato cha sita. Mimi nimezijua kwa kumsikia yeye."

"Mngeniambia," Mwalimu alisema. Machozi yalikuwa yanamdondoka na hakuyafuta. "Jamani, Mama, mngeniambia! Mimi nafundisha watu kusoma. Ndiyo kazi yangu! Miezi sita tu ningemfundisha."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana alikuwa hataki ujue. Ungemfundisha."

Nje, mtu alikuwa anapiga honi bila sababu. Baadaye Mwalimu aliuliza jambo ambalo watu wengine walishauliza na kujibiwa kwa mkato, "Kwenye kiti," basi.

"Alikufaje?"

"Nilikuwa namsomea mchezo mpya. Nikasoma mstari, nikangoja aurudie. Hakurudia. Nikaona umri huo, kasahau, nikausoma tena. Nikangoja. Mara ya tatu nikausoma kwa sauti kubwa kidogo. Nilikuwa nakatakata vitunguu, sikumtazama." Alikunja kona ya shuka, akaikunjua. "Nimeusoma mara nne, mwanangu. Ule mstari nimemsomea maiti."

Mwalimu alimshika mkono. Mkono ulishikika, haukushika.

"Sasa hawa watu tunawapa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Yale tisa."

"Mwandiko wako? Watauweka kwenye kioo waseme ni wake?"

"Maneno ni yake."

"Na mkono? Maisha yako yote yamo humu, Mama. Hata jina lako halitakuwepo!"

"Huo mkono wangu nitaufanyia nini?" mama yake alisema. "Wape. Na hilo la sahihi lichome."

Mwalimu alilitazama lile daftari jembamba. Hakulichoma. Alilitia kwenye mkoba wake, katikati ya madaftari ya watoto ya kusahihisha, na mama yake akajifanya hakuona.

*

Dereva alifika saa tano kasoro. Alikuwa na fomu ya kupokelea, akamwomba Mjane aijaze mwenyewe kwa kuwa yeye alisahau kalamu ofisini. Mjane aliandika: madaftari tisa, mwandiko wa marehemu. Akatia jina lake na tarehe. Dereva aliangalia fomu, akaangalia daftari la juu, akaangalia tena fomu.

"Loo, Mama," alisema. "Una mwandiko mzuri. Kama wa Mzee kabisa."

"Tumekaa pamoja siku nyingi," Mjane alisema.

Dereva alitikisa kichwa kwa huruma, akayapakia madaftari kwenye kiti cha mbele, akayafunga mkanda wa gari.

*

Jumamosi mchana Mjane na bintiye walifika mapema, na bado walichelewa. Kiti cha mstari wa mbele chenye karatasi ya "Familia" kilikuwa kimekaliwa na mke wa mgeni rasmi, na binti mmoja mwenye beji akawaambia wasijali, mstari wa sita nako kunaonekana vizuri. Mwalimu alifungua mdomo. Mama yake akambana kiwiko, wakaenda mstari wa sita.

Kabla ya hapo walipita mlangoni, kwenye kabati. Joho jeusi, viatu, miwani iliyowekewa kadi, "Aliivaa kwa heshima ya kazi," na madaftari yamefunuliwa katikati. Watu waliinama juu ya kioo. "Cheki mwandiko," mwanamume mmoja alimwambia mkewe, "huyu alikuwa msomi hasa." Na pale pembeni alikuwepo yule mzee mwenye fimbo. Alisoma ukurasa mzima, midomo ikicheza, kisha akamwona Mjane akamjia.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nimemsingizia marehemu. Kumbe alikuwa anaandika hivi."

"Yamepita, shemeji."

Mzee aliondoka anajifuta macho. Ndiyo hivyo, siri ilikuwa imepona. Mjane alitafuta ndani yake furaha ya jambo hilo, hata nafuu kidogo, akakuta kile kile cha siku zote, sakafu iliyokwisha pigwa deki. Kiapo alikitimiza, sasa hakuwa na kazi nyingine.

Hotuba zilikuwa nyingi. Mgeni rasmi alitaja filamu mbili ambazo Hakimu hakuigiza. Mhadhiri alieleza kile kimya kwa robo saa, akasema ni tafakuri ya baba aliyesimama kati ya damu na sheria, na watu wakapiga makofi. Ndipo taa zikapunguzwa na mwigizaji kijana, aliyerithi nafasi ile, akaingia na joho jipya. Alikuwa mzuri. Alikuwa na sauti, na mabega, na hata ule mwendo wa Hakimu wa kuburuta mguu wa kushoto alikuwa kaupata.

"Mwanangu," alisema, "simama."

Ukumbi mzima ulibana pumzi. Na Mjane, kwenye mstari wa sita, aliinuka. Hakujua kama ameinuka. Maziwa yalikuwa yamepanda. Aliweka karatasi chini, akashika tambara. Akakamata mishikio ya sufuria, huku na huku, akaiinua kutoka motoni, akainama kupuliza povu.

"Nimekuhukumu!" kijana alinguruma.

Makofi yalilipuka. Mjane alibaki amesimama, mikono miwili mbele, imeshika kitu ambacho hakipo. Jiko alikuwa hajalifuta. Sufuria alikuwa hajaitua.

"Mama?" Mwalimu alisema. "Mama, kaa. Vipi?"

"Hakunisubiri," alisema.

"Nani?"

"Huyu. Hakunisubiri." Alimgeukia bintiye, na uso wake, uliokuwa mkavu tangu siku ya vitunguu, ulikuwa umeanza kutetemeka kuanzia kidevuni. "Baba yako alikuwa ananisubiri mpaka nirudi."

Binti mwenye beji alikuja mbio na glasi ya maji, akawaambia watu wa jirani kwamba ni kawaida, ni majonzi. Mwalimu hakuelewa bado, lile la maziwa lilikuwa halijamfikia. Alimkalisha mama yake, akamshika mikono yote miwili, na safari hii ile mikono ilishika. Kisha mama yake akalia, kwa sauti, kama majirani walivyotaka, na pale katikati ya kulia akaanza kumsimulia kuhusu sufuria.